Choo Kisichotaka Maji

Jumatatu, 4 Machi

Mwanangu kasema niwe naandika. Kasema, "Mama, maneno yote unayotaka kuniambia ukinikuta nimelala, yaandike, nitayasoma nikiamka." Hatayasoma, namjua, lakini nimeona afadhali, maana kweli namchosha. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo atakayesoma avumilie.

Kazi yangu ni kutunza vyoo vya ufukweni. Vyoo hivi kavijenga mwanangu mwenyewe, huyu binti mmoja niliyejaliwa, na watu wa ufukweni wanamwita Injinia. Mimi wananiita Mama Choo. Aliyeanza kuniita hivyo ni muuza chai, ambaye meza yake iko karibu na mlango wetu na mdomo wake uko karibu na kila kitu.

Vyenyewe ni vyumba vitatu, na havitumii maji. Mtu akimaliza haja anamwaga kopo la maranda ya mbao, basi. Haja ndogo inakwenda mbele kwa bomba lake, kubwa inaanguka chini ndani ya sanduku la saruji, na sanduku likijaa linafungwa lipumzike mpaka liwe mboji ya kupandia miti. Mimi huwa nasema linapumzika kama mzazi aliyejifungua. Anayetaka kujisafisha kwa maji kuna kijichumba pembeni, kina bomba na kata, na mfereji wake unakwenda kwenye migomba. Juu ya paa kuna sola. Inaendesha feni inayovuta harufu kwenda juu, inapandisha maji ya bafu la watu wanaotoka kuoga baharini, inawasha taa. Kabla ya hapo watu walikwenda vichakani, na mtoto akichimba mchanga kucheza alikuta mambo.

Mvua zikiisha watakuja wakaguzi wa baraza la mji. Wakivipitisha, mwanangu anaajiriwa hapa hapa na kujenga vingine kwenye fukwe zote. Wakivikataa vinafungwa, naye ofisi inampeleka kazi nyingine kule mbali, mwendo wa kulala njiani. Simwambii mtu, lakini nikisali siombei vyoo. Naomba asiende.

Jumanne, 5 Machi

Jua kali. Watu wengi. Harufu hakuna.

Alhamisi, 7 Machi

Leo baba mmoja mwenye kitambi kaja na chupa yake ya maji mkononi. Nikamwambia, "Baba, maji ni pale pembeni. Humu ndani ni maranda tu."

Kaniuliza, "Yaani nikimaliza nifukie?"

"Ndiyo, baba. Kopo moja."

"Mimi paka?"

Muuza chai kasikia, kacheka mpaka chai ikamwagika. Tangu hapo kila anayeingia anamwambia, "Karibu paka, fukia vizuri." Sijampenda mwanamke huyu hata siku moja. Yule baba aliingia, akafukia, akatoka hanitazami.

Jumapili, 10 Machi

Wifi yangu kaja kututembelea. Huyu ni dada mkubwa wa marehemu mume wangu. Mwanangu akiwa mdogo mimi niliugua kwa muda mrefu, sikuweza hata kumbeba, na aliyembeba ni huyu. Alimwogesha, alimsuka, alimpeleka shule akiwa kamshika mkono mpaka darasani, mwalimu akasema mama inatosha, mwache akae. Hadi leo shangazi akisema kaa, Injinia anakaa.

Kauliza habari za vyoo. Mwanangu kaeleza vizuri, wadudu wadogo wasioonekana wanavyofanya kazi ndani ya lile sanduku, joto linavyopanda. Wifi kasikiliza yote, mwisho kauliza, "Na mnaosha saa ngapi?"

"Hatuoshi, shangazi. Tunafuta."

Wifi kanitazama mimi, kama kwamba mtoto kasema uongo na mimi ndiye niliyemfundisha.

Jumamosi, 16 Machi

Mvua. Imeanza alfajiri.

Jumapili, 17 Machi

Mvua.

Jumanne, 19 Machi

Mvua. Feni imesimama. Nimekaa chini yake nikiitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa aliyefumba macho. Mwanangu kapanda juu ya paa kwa ngazi ya kuazima, kafuta ile sola kwa kitambaa, kashuka kalowa chapachapa. Kasema betri haina kitu, jua lisipotoka hakuna la kufanya. Nikamuuliza kama nikimshikia mwavuli atapanda tena. Kasema, "Nikapande kufanya nini, mama? Kuliomba jua?"

Mimi nilikuwa nimeshaliomba.

Jumamosi, 23 Machi

Mvua. Harufu imeanza. Si kubwa, ni ile ya kukufanya ugeuke umtazame jirani yako.

Jumatano, 27 Machi

Maranda tunapewa na seremala wa mtaa wa nyuma, bure, maana zamani alikuwa akiyachoma. Mtu mpole, kila akiniona hunipa magunia na salamu za Injinia. Sasa wiki yote magunia yanakuja nusu, tena mabichi, ukiyamwaga yanashikana kama ugali. Nikasema moyoni, huyu keshapata wafuga kuku, anawauzia makavu, sisi anatupa makapi. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia, na yalikuwa maneno mazuri, makali, hata mimi nilijishangaa.

Nimemkuta kakaa juu ya benchi lake la kazi, miguu kaikunja, kwa sababu chini maji yamefika kwenye kifundo. Maranda yanaelea. Mlango wa kabati la mteja umevimba. Kaniambia, "Mama Injinia, samahani, nakuchagulia yaliyo juu juu." Yaani kile kidogo nilichokuwa nakiona kibaya ndicho alichokiokoa.

Nikarudi na maneno yangu yote mdomoni, sikujua pa kuyatema.

Alhamisi, 4 Aprili

Mvua. Nimeamua kukausha maranda nyumbani. Nimeyatandaza chumbani kwangu, chini, juu ya sanduku la nguo, na pembeni mwa kitanda, nikaweka jiko la mkaa katikati na kufungua dirisha. Mwanangu kaingia, kasimama mlangoni.

"Mama, unalala na maranda?"

"Yananipa usingizi."

Nikapiga chafya tatu mfululizo. Kacheka. Nimefurahi kuliko siku zote tangu mvua ianze, kwa sababu ya kule kucheka. Halafu kaona nyayo zake zilivyojaa maranda, akainama kuyakung'uta polepole yasipotee hata moja, akaacha kucheka.

Gunia zima lilipokauka lilitosha asubuhi moja tu.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua.

Jumatano, 10 Aprili

Mvua. Mtu kaandika kwa mkaa mlangoni, NYUMBA YA PAKA. Nimefuta. Mwanangu hakuona.

Alikuwa ameona. Kaniambia sasa hivi tunakula, au tuseme mimi nakula.

Jumamosi, 13 Aprili

Leo nataka kuandika habari za muuza chai, maana nilimsema vibaya.

Juzi kaihamisha meza yake, kaipeleka kule mbele, mbali na sisi. Nikasema sawa, keshatukimbia, na wateja wake watajua kwa nini. Leo nikapita nyuma yake kwenda kuchota maji, hakuniona. Vijana wawili wanakunywa chai, mmoja kaziba pua kwa shati kasema, "Hiki choo cha Injinia kinanuka mpaka kwenye kikombe."

Muuza chai kamwambia, "Choo gani? Huo ni mwani. Mvua ikinyesha bahari inatupa mwani, unaoza. Wewe umezaliwa wapi hujui harufu ya mwani?"

"Mwani ndio unanuka hivyo?"

"Na pua yako pia inanuka, kunywa chai."

Kumbe kaihamisha meza ili wateja wasilalamike karibu na masikio ya mwanangu. Nilisimama na ndoo yangu kama mwizi. Nikamsalimia, kaniitikia, "Mama Choo, leo umekuja kuniomba msamaha au kukopa sukari?" Nikasema sukari. Kanipa.

Jumatano, 17 Aprili

Mvua. Jioni nilimtafuta mwanangu, nikamkuta nyuma ya vyoo kachuchumaa, kafungua kile kimlango cha sanduku, mkono wote umeingia ndani mpaka begani, kwa glavu. Nikasema, "Mwanangu, utapata ugonjwa."

Kasema, "Limepoa, mama."

Kanieleza kuwa sanduku likiwa zima lina joto kama mtoto mwenye homa, na joto hilo ndilo linaloua uchafu. Sasa limelowa hewa ya mvua, feni haivuti, wadudu wamelala, limepoa. Basi nikawaza, maisha yangu yote nimeomba homa ishuke, leo naambiwa niombe ipande, na sijui hata pa kuweka mkono.

Nimemwambia aje ale. Kasema anakuja. Nimekaa na chakula mpaka kikapoa nacho.

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua kidogo. Mwanangu kapungua, mifupa ya shingo inaonekana. Nikimwambia pumzika ananiambia, "Sawa, mama." Nikimwambia kula, "Sawa, mama." Nilipomwambia basi wakivifunga si mwisho wa dunia, hakusema sawa. Kasema, "Wakivifunga hivi, mama, hakuna atakayethubutu kujenga vingine kwa miaka mingi. Watasema vilijaribiwa." Kisha kaenda kulala na viatu miguuni. Nilimvua. Hakuamka. Miguu ya mtu mzima, lakini nilimvua kama zamani zile ambazo sikuweza kumvua.

Jumapili, 28 Aprili

Jua.

Jumatatu, 29 Aprili

Jua tena. Nimelitandazia maranda, godoro, na mimi mwenyewe. Feni imezunguka.

Ijumaa, 3 Mei

Jua wiki nzima. Seremala kaleta maranda makavu kwa mkokoteni, kausukuma mwenyewe. Mwanangu kayageuza yaliyomo masandukuni kwa chepe, kachanganya, kafunika. Leo kaingiza mkono, kautoa, kanishika mkono wangu kanivuta, "Weka hapa." Nikaweka nje ya saruji. Ilikuwa ya moto. Kweli ya moto. Tulikaa pale wawili tunacheka, mikono ukutani, watu wanapita wanatuona kama tumerogwa.

Harufu imekwisha. Muuza chai karudisha meza, kasema, "Mwani umekauka."

Jumapili, 5 Mei

Wakaguzi wanakuja Alhamisi. Wifi kaja, nikashindwa kujizuia, nikamwambia siku na kila kitu, jinsi mtoto alivyoteseka, alivyokonda. Wifi kalia. Kasema, "Mbona hukuniita? Mtoto anahangaika peke yake na mimi nipo." Nikamwambia sasa yamekwisha, mambo ni mazuri. Kasema vizuri. Kaondoka kafuta macho kwa kiganja, kama mtu aliyeamua jambo.

Alhamisi, 9 Mei

Naandika usiku.

Asubuhi mwanangu kavaa gauni lake la bluu, kanywa chai nusu kikombe. Kasema anakwenda ofisi za baraza kuwapokea wakaguzi, watafika ufukweni kabla ya mchana. Akiwa mlangoni kasema, "Mama, leo usifanye chochote. Kila kitu kiko sawa. Wewe kaa tu." Nikasema nitakaa.

Nikafika, nikafuta sakafu kwa kitambaa kama siku zote, nikajaza makopo ya maranda, nikakaa. Jua zuri. Nikaona kwa mbali wanawake wanakuja kwa mstari, ndoo vichwani, ufagio na brashi mikononi, mbele yao wifi yangu, nguo kaifunga kiunoni. Ni wenzake wa kile kikundi chao cha kusaidiana, wengine umri wa mama yangu.

Wifi katua ndoo. "Tumekuja kumsaidia mtoto."

Nikasema, "Karibuni. Mbona na maji?"

"Sasa tuje na nini, na mashairi?" Wenzake wakacheka.

"Wifi, vyoo hivi haviyataki maji. Yakiingia ndani vinaharibika. Nimeshavifuta."

"Umevifuta."

"Ndiyo."

"Kama meza." Kawageukia wenzake. "Mnasikia? Wageni wa baraza wanakuja kutazama choo cha mtoto wetu, na mama yake kakifuta kama meza." Kisha kaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza, "Wifi yangu, wewe umechoka. Masika yote umeyabeba peke yako. Kaa hapo kivulini. Leo tumo sisi."

Wakati nafikiri la kumjibu, wawili wameshaingia chumba cha kwanza. Nikasikia ndoo inamwagwa. Sauti hiyo naijua tangu utoto, lakini leo niliisikia kama mtu katumbukia kisimani. Nikakimbia, nikamshika mkono yule mnene, nikamwambia, "Mama yangu, nakuomba, sakafu sawa, lakini mle shimoni usimwage." Kacheka, kaniondoa kwa kiwiko kama unavyomwondoa mtoto jikoni. "Na shimoni ndipo penyewe, mwanangu. Ukiosha mdomo ukaacha meno?" Akamimina na ile dawa nyeupe ya kuulia wadudu, chupa nzima, povu likapanda. Wale wadudu wa mwanangu, ambao masika yote tuliwalea, nikawa nawaona bila kuwaona.

Nikatoka, chumba cha pili nacho ndoo zimeshaingia. Wanaimba. Nikasema kwa sauti, "Acheni." Wakadhani naimba nao.

Muuza chai ndiye aliyeelewa. Kaacha birika linachemka, kaja mbio, kasimama mlangoni mwa chumba cha tatu, mikono kaitanua huku na huku. "Humu hapaingii ndoo. Anayetaka kuosha anioshe mimi kwanza."

Wifi kauliza, "Na huyu nani?"

"Muuza chai," mwenzake kamjibu.

"Ana nini?"

"Tumbo hilo. Kashikwa."

Wakamwonea huruma, wakampisha. Chumba hicho kikapona.

Nimejiuliza mchana kutwa kwa nini mimi sikusimama hivyo mlangoni. Ningeweza kumwaga ndoo zote mchangani. Lakini ndoo ya kwanza ilikuwa ya wifi, na mikono iliyoishika ndiyo iliyomlea mwanangu wakati yangu haikuweza. Kila nikitaka kuisukuma, yangu ilikuwa haina nguvu, kama wakati ule ule wa ugonjwa.

Wakaguzi wakafika, wanaume watatu, viatu vinang'aa, na mwanangu kati yao anaeleza. Kwa mbele kweli pakapendeza. Sakafu inameta, harufu ya dawa. Mmoja kasema, "Pasafi sana hapa." Wanawake wakasimama upande, wameficha brashi nyuma, wameloa hadi magotini, nyuso zimewachanua. Mwanangu kaitazama sakafu. Kaziona ndoo. Kamwona shangazi yake anavyomtazama. Halafu kanitazama mimi, na nikajua kaelewa yote, wala sikuwa na pa kuangalia.

Mkubwa wao kasema, "Tuone nyuma."

Wifi kasema anawatafutia wageni chai, kaenda kwa muuza chai na wenzake wote. Sisi tukazunguka nyuma. Vile vimlango viwili vya saruji vilikuwa vinavuja, maji meusi yenye povu, yanatambaa mchangani kuelekea pale watu wanapoogelea. Na harufu ile. Mkubwa kainua kiatu, kakitazama chini.

"Haya maji yametoka wapi?"

Mdomo nilishaufungua. Neno lenyewe ni moja tu, wameosha. Ukisema hivyo wataelewa, watacheka, watasema haya, kaushieni tutarudi. Mwanangu kanitazama. Hakutikisa kichwa wala nini, kanitazama tu, nikafunga mdomo.

Kasema, "Ni mvua. Iliingia kwa nyuma."

"Mvua si imekwisha?"

"Ilibaki chini."

"Kwa hiyo vyoo vyako havivumilii mvua."

"Havikuvumilia."

Kaandika. Wifi kaja na vikombe kwenye sinia, kawakaribisha kwa goti. Wakanywa. Mkubwa kamsifu kwa chai ambayo si yake, na muuza chai kule mezani hakusema kitu, leo tu katika maisha yake.

Tulipofika nyumbani nikamuuliza kwa nini. Alikuwa anasafisha viatu vyake.

"Ningesema nini, mama? Wangemwita. Wangemuuliza mbele ya wenzake, umri ule, kaja na ndoo kichwani."

"Lakini ndiyo kweli."

"Ni kweli. Na kesho angekuja mwingine na ndoo, kwa mapenzi yale yale. Nilipokuwa nachora nilifikiria jua, nikafikiria mvua, nikafikiria mpaka wadudu. Shangazi sikumfikiria." Kaendelea kusugua kiatu kilichokwisha takata. "Usimwambie, mama. Niahidi."

Nikaahidi. Ni kitu pekee alichoniomba masika haya ambacho ninaweza kukifanya, na ndicho nisichokitaka.

Ijumaa, 17 Mei

Wamevifunga. Wameweka nyororo na kufuli, na kibao. Hata kile chumba cha tatu, ambacho ni kizima na cha moto. Nilimwambia yule kijana mwenye kufuli aguse ukuta, ahisi joto. Kasema, "Mama, mimi nimetumwa kufunga tu." Nami nikamshikia nyororo, maana ilikuwa inamponyoka.

Jumanne, 21 Mei

Jua kali. Watu wamerudi vichakani. Muuza chai anawafukuza wanaokwenda nyuma ya meza yake, kwa kuni.

Ijumaa, 24 Mei

Kaondoka. Basi lilikuwa la asubuhi. Nilimfungia chakula, nikamfungia sweta, nikamfungia dawa ya tumbo, kichwa na kikohozi, mpaka kasema mama hata mimi hujanibakizia nafasi kwenye begi. Huko anakokwenda si vyoo tena, kapewa kupima barabara. Shangazi yake kamkumbatia kwa muda mrefu, kamwambia, "Baraza halina macho. Choo kilichong'aa vile." Mwanangu kasema, "Asante kwa siku ile, shangazi." Hakusema kwa kejeli. Nilimsikiliza sana nione kama kuna kejeli, haikuwepo.

Mimi ndiye mama, na nilikuwa najiona ndiye mkubwa.

Basi lilipoanza kwenda nililipungia mkono dirisha ambalo si lake.

Jumamosi, 25 Mei

Hakuna.

Jumapili, 26 Mei

Kapiga simu. Kafika. Kasema anakula.

Jumatano, 29 Mei

Nina hasira na wifi. Naiandika hapa ili nisiibebe kwenda kwake. Kila mahali anapokaa anasimulia walivyoosha, jinsi wageni walivyoshangaa, na jinsi baraza lilivyo na chuki. Watu wanatikisa vichwa wanampa pole, na mimi nikiwepo natikisa nao.

Jumapili, 2 Juni

Wifi kaja, kaniletea unga na sabuni za mche, kasema hapendi nikae peke yangu. Kanifulia mashuka bila kuniuliza. Nikamtazama uani kainama juu ya beseni, mgongo umeshapinda, anasugua kama kwamba shuka hilo limemkosea mtu anayempenda. Hasira yangu niliitafuta, nikaipata nusu.

Alipomaliza kakaa jikoni, kakausha mikono.

"Wifi," kaniuliza, "niambie kweli. Ni nini hasa kilichoharibu kazi ya mtoto?"

Sijui kama alikuwa na shaka. Uso wake ulikuwa unangoja.

"Ni mvua, wifi."

Kashusha pumzi. Kanishika goti. "Ningejua," kasema, "ningekuja kukuoshea kila wiki."

Nikasema, "Najua, wifi."